Malcolm Guthrie na chimbuko la Wabantu

Msikilizaji, katika vitabu vya isimu Kiswahili kina anwani yake: G42. Aliyekipa ni Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903.

Guthrie alianza kama mmisionari wa Kibaptisti. Mwaka 1932 alikwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo, akajifunza Lingala. Mtu wa pwani akisikia neno moto katika mji huo hufikiria jiko, kumbe huenda anatajwa mtu. Wakiwa wengi ni bato. Mizizi ya namna hiyo Guthrie aliikusanya maisha yake yote, na tangu mwaka 1940 alifanya kazi hiyo katika chuo cha SOAS, London.

Kitabu chake cha mwaka 1948 kiliziweka lugha za Kibantu katika kanda, kila kanda na herufi yake. Kisha kikaja Comparative Bantu, juzuu nne zilizotoka kati ya mwaka 1967 na 1971, zenye zaidi ya mafungu 2,000 ya maneno yenye asili moja.

Wakati huo mataifa mapya ya Afrika yalikuwa yakiandika historia yake, na palipokosekana nyaraka, maneno ndiyo yaliyotoa ushahidi. Je, Wabantu walitoka wapi?

Guthrie alihesabu ni lugha zipi zilizohifadhi mizizi mingi zaidi, akazikuta Kibemba na Kiluba. Akahitimisha kwamba chimbuko lilikuwa kusini mwa Kongo. Mmarekani Joseph Greenberg alipinga: ndugu wa karibu wa Kibantu wako Nigeria na Kamerun, basi nyumbani ni huko. Mwaka 1966 mwanahistoria Roland Oliver alijaribu kuwapatanisha, lakini leo wataalamu walio wengi wako upande wa Greenberg. Na kwa haki, maana mjukuu aliyetunza vyungu vingi vya bibi si lazima awe anaishi katika nyumba ya bibi.

Guthrie alifariki dunia mwaka 1972. Mwaka 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walionyesha kwamba Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro ni watoto wa mama mmoja, waliyemwita Sabaki. Hata hivyo, Jouni Maho alipoipanga upya orodha ya Guthrie mwaka 2009, Kiswahili kilibaki G42, na ndugu yake Kigiriama akabaki kanda ya E.