Nasaba za Neno "Sound"

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa habari ya safari moja ya baharini niifasiri kwa Kiswahili. Humo mlikuwa na neno la Kiingereza "sound", tena mara mbili, nami nalilijua, au nalidhani nalijua: maana yake ni sauti. Basi nikaandika kuwa nahodha alipokaribia pwani alipiga kelele mfululizo, na hatimaye akatia nanga ndani ya sauti. Mwalimu wangu alicheka hata akatokwa na machozi, kisha akaniuliza kama nimepata kuona nanga ya namna hiyo. Kumbe nahodha alikuwa akitupa bildi kupima kina cha maji, na mahali alipotia nanga palikuwa ni mlango wa bahari. Tangu siku ile nimelitazama neno hilo kama mtu amtazamavyo jirani aliyepata kumdanganya.

Kamusi ndogo huzipanga maana za neno hili moja baada ya nyingine, na msomaji hudhani kuwa ni mti mmoja wenye matawi mengi. Sivyo. Ni maneno mbalimbali yaliyozaliwa mbali mbali, yakakutana njiani na kuvaa kanzu moja. Sisi nasi tuna kaa la moto na kaa wa pwani, lakini hatutatiziki, kwa kuwa upatanisho wa sarufi hututenganishia: kaa limezimika, kaa ametoroka. Kiingereza cha kale kilikuwa na jinsi za majina, kikazipoteza zamani. Kwa hiyo maneno yake yakifanana umbo, hayana alama ya kuyapambanua ila jirani zake katika sentensi.

Lenye asili ya Kiingereza hasa ni lile la uzima. Waingereza wa kale walisema "gesund", kama Wajerumani wasemavyo hata leo kwa mtu mwenye afya. Kiambishi cha mwanzo kikadondoka, likabaki shina. Ndiyo sababu ubao usiooza, hoja isiyo na ufa na usingizi mzito vyote husifiwa kwa neno hilo. Usingizi huo hauna udugu wowote na sauti, ingawa wako walalao hivyo huku wakikoroma.

La bahari ni jingine. Katika lugha ya kale ya Wadenmark na Wanorwe "sund" lilikuwa na maana ya kuogelea, na pia maji membamba baina ya nchi mbili. Waingereza wa kale nao walikuwa nalo kwa maana ya kuogelea, na "swim" ni ndugu yake. Mlango wa bahari ulio mashuhuri kuliko yote kwa jina hili ni Øresund, baina ya Denmark na Uswidi, ambao mabaharia wa Kiingereza waliuita "the Sound" pasipo kuongeza neno. Hapo, penye mji wa Helsingør ambao Shakespeare aliuweka katika tamthilia yake ya Hamlet, wafalme wa Denmark walitoza meli ushuru tangu karne ya 15 hadi mwaka 1857, mataifa yenye biashara yalipokubali kulipa fidia ili ushuru ukome. Madaftari ya watoza ushuru yamehifadhiwa, na kwayo wanahistoria hujua ni nafaka gani, mbao gani na chumvi gani iliyopita pale. Maana ya kuogelea yenyewe imejificha mahali pa ajabu: kile kifuko cha hewa kimsaidiacho samaki kuelea, wavuvi wa Kiingereza walikiita "sound". Ni kitu kile kile ambacho wavuvi wa sangara katika Ziwa Viktoria hukiita bondo, na mabondo yakikaushwa huuzwa kwa bei kubwa.

Sasa tuje kwenye sauti, ambayo ndiyo iliyonipoteza. Hii asili yake ni Kilatini, "sonus", ikaingia Uingereza kwa ulimi wa Wafaransa waliotawala baada ya mwaka 1066. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika "soun", bila herufi d mwishoni. Hiyo d ilitoka wapi? Haikutoka popote, ilizuka kinywani mwa watu, kwa kuwa ulimi ukimaliza n huwa umekwisha kukaa mahali pa d. Karne ya 16 ilipofika, kosa lilikwisha kuwa kanuni. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa "thunder", yaani radi, ambalo zamani lilikuwa "thunor". Lakini mtoto wa Kiingereza asemaye "drownded" badala ya "drowned", kwa maana ya kufa maji, huchekwa na kusahihishwa, na pengine amsahihishaye huyaandika "sound" na "thunder" ubaoni kila wiki. D ni ile ile. Iliyotangulia ilipewa kiti, iliyochelewa ikafukuzwa mlangoni. Mimi sioni haki katika jambo hili, ila naona historia.

Limebaki lile la bildi. Kifaransa kina "sonder", kupima kina, na Waingereza walilichukua humo. Ila wataalamu wengi huona kuwa Wafaransa nao walilipata kwa mabaharia wa kaskazini, kutoka "sund" ile ile ya bahari. Basi neno lilihama kwao, likarudi na lafudhi ya kigeni.

Bildi ilikuwa kipande cha risasi kilichofungwa kamba, chini yake kikitiwa mafuta mazito ili kilete mchanga au tope la kitakoni mwa bahari. Katika miaka ya 1925 hadi 1927 meli ya Kijerumani Meteor ilipima kina cha Atlantiki kwa njia nyingine: mlio hupelekwa chini, na muda wa mwangwi kurudi huhesabiwa. Mlio hukimbia majini kiasi cha meta 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi urudio baada ya sekunde mbili hueleza kina cha meta 1,500. Chombo hicho Waingereza hukiita "echo sounder". Kila asikiaye jina hilo hudhani limetokana na sauti, kumbe limetokana na kamba na risasi. Hata hivyo mlio umo ndani yake kweli, na tafsiri yangu ya ujana, nahodha akipiga kelele ili ajue kina cha maji, leo haichekeshi kama zamani.