Sumu ya Sombe na Elimu ya Clarence Ryan

Pita Himbi, mtaa wa Goma, jioni, usikie mchi ukigonga kinu: sombe, yaani majani ya muhogo, inatwangwa. Ndani ya jani la muhogo kuna kemikali iitwayo linamarini, na kwenye kuta za seli kuna kimeng'enya kinachoivunja. Jani likiwa zima, havikutani. Mdudu akilitafuna, au mchi ukiliponda, vinachanganyika na sianidi inatoka. Mama akiichemsha sombe muda mrefu, sumu inaondoka na mvuke. Muhogo wenyewe ulitoka Brazil na Wareno katika karne ya 16, na akina mama wa bara walijua kuutuliza kabla Kivu haijaona maabara.

Enzi za Wabelgiji ikaja sumu nyingine ya mmea: pareto, ua jeupe la asili ya Dalmatia, ikapandwa nyanda za juu za Masisi na Rutshuru. Piretrini zake hushambulia neva za mdudu. Wanakemia Staudinger na Ruzicka walichapisha kemia yake mwaka 1924, na wakulima wetu wakaishi kwa kuuza kinga ya mmea.

Hata hivyo, wengi waliamini kuwa mmea hubeba sumu iliyo tayari tu, basi. Profesa Clarence Ryan, mwanabiokemia wa Washington State University huko Marekani, aliivunja dhana hiyo. Mwaka 1972, yeye na mwenzake Green walionyesha kwamba mbawakawa akila jani moja la kiazi au nyanya, majani mengine ambayo hayajaguswa huanza kutengeneza protini zinazozuia mmeng'enyo tumboni mwa mdudu. Ni ajabu kubwa: mmea hauna neva, lakini habari inafika! Mjumbe alipatikana mwaka 1991: sistemini, mnyororo wa amino asidi 18 tu, homoni ya kwanza ya aina ya peptidi kujulikana kwenye mimea.

Lakini kinga ina mpaka. Mwaka uliofuata ugunduzi wa 1972, mdudu aitwaye kidung'ata wa muhogo, kutoka Amerika Kusini, alionekana huku Kongo, akaangamiza mashamba, sianidi isimzuie. Aliyemshinda ni nyigu mdogo kutoka Paraguai, aliyeanza kuachiliwa Afrika mwaka 1981 chini ya mtafiti Hans Herren.

Kwa hiyo vyuo vya Goma vingeanzia utafiti wao kwenye sombe: kupima mihogo michungu na mitamu ya wakulima wetu, na kuwauliza wanaoitwanga kila siku.