Prosesa Iliyofika Kilwa kwa Betri

Mnadani Kilwa Masoko, pweza wakishapimwa, hesabu humalizwa kwa simu. Mnunuzi anabonyeza namba, muuzaji anauliza kama ya kutolea imo, biashara imekwisha. Iwe kitochi au simu janja, ndani yake karibu kila mara mna prosesa ya ukoo mmoja: ARM.

Nchi yetu ilianza kwa kuitilia shaka kompyuta yenyewe. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Mwaka huohuo gesi iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, lakini ilikaa chini ya ardhi miaka 30 kabla ya kufika kwa bomba kwenye mitambo ya Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004. Gesi ni ya Kilwa, umeme ukawake Ubungo! Kompyuta za mezani, zenye kula umeme, zingepata wapi nafasi huku?

Iliyopata nafasi ni mashine iliyozoeshwa kula kidogo. Mwaka 1985 kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, ilipokea prosesa yake ya kwanza ya ARM, kazi ya Sophie Wilson na Steve Furber. Walitaka isipate joto sana, ili ifungwe kwenye kasha la plastiki la bei rahisi. Furber alipopima umeme inaoutumia, mita ilisoma sifuri. Kumbe njia yake ya umeme haikuwa imeunganishwa: prosesa ilikuwa ikifanya kazi kwa umeme uliovuja kutoka kwenye saketi za jirani. Kwenye kompyuta za mezani prosesa za Intel ziliendelea kutamba, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 Nokia waliitia ARM kwenye simu zao, na simu ndizo zilizovuka Rufiji kuja kusini.

Intel nao walijaribu usanifu mpya. Itanium, waliyoibuni pamoja na HP, iliingia sokoni mwaka 2001 ikisifiwa kwa kasi, ila programu za zamani zilikwenda juu yake kwa kujikongoja. Mwaka 2021 shehena za mwisho zilitoka kiwandani.

Sasa mjadala ni wa RISC-V, usanifu wa prosesa ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, na ambao kanuni zake yeyote anaweza kuzitumia bila kulipia leseni. Wanaoibeza wanauliza lini itaipiku Intel kwenye kompyuta. Nadhani wanatazama mahali sipo. Tayari imo kwenye vidhibiti vidogo vya bei ya chini, vya aina inayowekwa ndani ya mita na vifaa vya sola, ambako mtumiaji hajui wala hajali prosesa ni ya nani. Kwenye simu janja kazi ni ngumu zaidi, kama ilivyokuwa kwa Itanium, kwa sababu programu nyingi za Android zina vipande vilivyotayarishwa mahususi kwa ARM, na kila kimoja kitahitaji mtu wa kukitengeneza upya. Kutuma hela kwa kubonyeza nyota na reli, hiyo itakwenda kwenye prosesa yoyote.