Kheri katika bei kheri

Katika makaratasi ambayo familia zetu zilitoka nayo Unguja na Pemba, hati inayosomwa vibaya kuliko zote ni ile ya bei kheri. Vijana waliozaliwa huku Sweden wakiiona husema: babu aliuza shamba. Hakukusudia kuuza.

Asili ya neno ni bay' al-khiyar, mauzo yenye haki ya kuchagua. Mwenye shamba alipokea fedha na kuandika kwamba ameuza. Mwenye fedha akakubali kulirudisha shamba iwapo fedha zake zitarudi kwa muda uliowekwa. Mara nyingi muuzaji hakuhama. Alibaki akichuma karafuu zilezile, sasa akimlipa mnunuzi kodi. Riba ni haramu, kwa hiyo kodi ilifanya kazi yake bila kutajwa jina. Khiyari nayo ikatamkwa kheri. Kwa Kiarabu maneno hayo yana mzizi mmoja, na hiari yetu imetoka hapohapo, lakini sikioni hayafanani. Anayesikia hiari huuliza ni ya nani na mpaka lini. Anayesikia kheri huitikia amin.

Haki ya kukomboa ilikuwapo kweli. Ila ilisimama juu ya utabiri: kwamba mavuno yajayo yatatosha. Mkarafuu hauna ahadi. Huzaa sana mwaka mmoja, kisha huweza kutoa kidogo misimu kadhaa, na mwaka wa neema bei huweza kushuka kwa wingi wa mzigo. Ulipofika mdororo wa uchumi wa dunia baada ya 1929, bei ilianguka na wengi wakashindwa kukomboa. Mwaka 1933 Bartlett na Last waliandika ripoti yao kuhusu madeni ya wakulima wa Zanzibar, na mwaka 1934 serikali ikaweka sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wengine bila idhini.

Lawama nyingi za zama hizo ziliangukia ubadhirifu wa wenye mashamba. Wabadhirifu walikuwapo, hatukatai. Lakini tukisoma hati tunaona jambo jingine: matumaini yalikuwa ya pande mbili, hasara ya upande mmoja. Karafuu zikikosekana, shamba lilibaki kwa mnunuzi. (Wakopeshaji, wengi wao Wahindi, nao walikuwa na wadai wao, tusiwageuze mashetani.)

Hapa Akalla tuna hati yetu ya matumaini, bahasha ya rangi ya chungwa inayoleta makadirio ya pensheni. Kiasi kinachoonyeshwa hudhani kwamba mtu atafanya kazi kwa mapato yaleyale hadi kustaafu. Pensheni kamili ya dhamana huhitaji miaka 40 ya kuishi nchini, na aliyefika akiwa na umri wa miaka 45 anajua hesabu hiyo inavyokwenda. Mfumo wenyewe una breki: mwaka 2010, 2011 na 2014 ilipunguza pensheni za waliokwisha kustaafu. Tofauti na bei kheri, masharti haya yameandikwa wazi, japo kwa Kiswidi na mbali na tarakimu kubwa ya mbele.

Wenye hati za mashamba tunawaomba, kabla ya kuandika katika kitabu cha ukoo neno "aliuza", watafute tarehe ya mwisho ya kukomboa, kiasi cha kodi, na jina la aliyeendelea kuchuma.