Unukuzi wa imla za madaktari
Unukuzi wa imla za madaktari ni kazi ya kuandika ripoti za wagonjwa kutokana na sauti iliyorekodiwa. Ugumu wake mkubwa ni maneno yanayofanana masikioni. Katika istilahi za Kiingereza, kiambishi “haipa” (hyper-) ni kuzidi na “haipo” (hypo-) ni kupungua. Silabi moja ikimezwa, presha iliyopanda huandikwa kuwa imeshuka. Majina ya dawa nayo hufanana: Celebrex hutibu maumivu ya viungo, Celexa sonona, Cerebyx degedege. Mnukuzi husikiliza tena polepole, hulipima neno kwa ugonjwa, dozi na vipimo vilivyotajwa, kisha hukagua kamusi ya tiba. Kubahatisha ni kosa zito, kwani mgonjwa ndiye huumia. Neno lisipotambulika, huachwa pengo lenye alama ya dakika na sekunde, daktari alijaze mwenyewe.