Sauti katika Filamu ya Hali Halisi: Kutoka Vugiri hadi Kitui na Kilifi

Historia ya filamu katika Afrika Mashariki aghalabu huandikwa kama historia ya kamera: nani aliimiliki na nani alipigwa picha. Mkabala huo una manufaa, lakini huacha kando swali ambalo mhakiki wa fasihi amelizoea zaidi, yaani swali la msimulizi. Katika filamu ya hali halisi picha humwonyesha mtu, lakini sauti ndiyo huielekeza hadhira namna ya kumwelewa.

Mwaka 1935, kwa ufadhili wa shirika la Carnegie la Marekani, L. A. Notcutt na G. C. Latham walianzisha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la sinema ya mafunzo. Jaribio hilo lilikoma mwaka 1937 baada ya kutoa filamu 35 hivi kuhusu kilimo, afya, kodi na akiba. Katika filamu ya benki ya akiba ya posta, mfanyakazi mmoja anafukia fedha zake ardhini nazo zinaibwa. Mwenziwe aliyeziweka benki anasalimika. Waigizaji walikuwa Waafrika. Sauti, hata hivyo, haikuwamo katika utepe wa picha: ilirekodiwa kwenye santuri iliyochezwa sambamba nayo. Santuri ya Kiswahili ilipoondolewa, ya Kikuyu, Kijaluo au Kiganda iliweza kuwekwa, na watu walewale wakasemeshwa lugha nyingine. Mbinu hiyo ilitokana na uhaba wa fedha na wingi wa lugha. Pamoja na hayo, inafichua msingi wa filamu hizo: aliyeonyeshwa hakuwa msemaji.

Kitengo cha Filamu za Kikoloni, kilichoundwa London mwaka 1939, kilirithi msingi huo. Magari ya sinema yalizunguka vijijini, na kando ya picha akasimama mkalimani mwenye kipaza sauti. Yamkini hapa ndipo ufa ulipojitokeza, kwani mkalimani, kama fanani yeyote mbele ya hadhira yake, ana nafasi ya kuongeza, kupunguza na kukejeli.

Filamu huru za miaka ya karibuni zimeupanua ufa huo. Katika Thank You for the Rain (2017), Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, anapewa kamera na kujirekodi yeye na jamaa yake kwa muda wa miaka mitano, kupitia ukame na mafuriko, hadi mkutano wa tabianchi wa Paris wa mwaka 2015. Nafsi ya kwanza, ambayo Vugiri haikuijua, sasa ndiyo mhimili wa usimulizi. Hata hivyo, filamu hiyo iliongozwa na Julia Dahr wa Norway, na utayarishaji wake ulihusisha kampuni za Norway na Uingereza. Kushika kamera, basi, si sawa na kuwa na kauli ya mwisho juu ya hadithi.

The Letter (2019), ya Maia Lekow na Christopher King, inalipeleka swali mbali zaidi. Karisa anarudi kwao Pwani, katika Kaunti ya Kilifi, baada ya nyanya yake kushutumiwa kuwa mchawi. Nyuma ya shutuma hiyo pana mgogoro wa ardhi. Kwa mzee anayeshutumiwa hivyo, suala la nani anasikilizwa si la kifani tu. Ni suala la uhai wake. Filamu inamwacha azungumze lugha ya nyumbani kwake, na tafsiri inaandikwa chini ya picha. Santuri ya Vugiri ilichukua nafasi ya sauti ya mtu. Maandishi haya yanamwachia sauti yake, na mgeni ndiye anayelazimika kusoma.

Kwa hiyo uhuru wa filamu haupimwi kwa chanzo cha fedha pekee. Tahakiki inapaswa pia kuuliza ni nani anayesema, kwa lugha gani, na nani alikata picha baada ya yeye kunyamaza.