Wawili Wawili: Muuguzi na Chama cha Taaluma Yake



Bwana wetu alipowatuma mitume kwenda kuponya wagonjwa, aliwatuma wawili wawili. Wauguzi wetu wa Shinyanga na wa ukanda wa dhahabu wa Geita mara nyingi hutumwa mmoja mmoja. Katika zahanati ya kijijini, yule aliyemzalisha mama usiku ndiye anayempokea alfajiri mchimbaji aliyefukiwa na kifusi cha duara. Akikosea, hana wa kumsahihisha; akichoka, hana wa kumpokea. Ndiyo maana juma hili tunatafakari thamani ya chama cha taaluma.

Historia yatufundisha. Katika Uingereza ya karne ya 19, mtu yeyote aliweza kujiita muuguzi. Mwaka 1887 Ethel Bedford Fenwick na wenzake waliunda chama kilichodai kwamba wauguzi waliofunzwa waandikishwe rasmi. Florence Nightingale mwenyewe aliwapinga, akiona kwamba mtihani hauwezi kupima moyo wa muuguzi. Hawakukata tamaa. Mwaka 1899 Fenwick aliongoza kuundwa kwa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, na mwaka 1919, baada ya miaka 32, sheria ya kuandikisha wauguzi ikapitishwa Uingereza. Aliyefaidi kwanza alikuwa mgonjwa, kwa kuwa sasa aliweza kujua ni nani anayemtibu.

Jambo hili si geni kwetu. Wakulima wa pamba wa Usukuma walipopunjwa kwenye mizani, kila mmoja alinung'unika peke yake na hakusikika. Walipoungana chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 kupata Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, walisikika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tutofautishe basi mambo matatu ambayo wengi huyachanganya. Baraza la Uuguzi na Ukunga hutoa leseni na kuwalinda wananchi. Chama cha wafanyakazi, kama vile TUGHE, hutetea mishahara na haki za ajira. Chama cha taaluma, yaani Chama cha Wauguzi Tanzania (TANNA), huilea kazi yenyewe: ujuzi wake, maadili yake na sauti yake mbele ya watunga sera.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika ukanda huu. Uzalishaji ulipoanza katika mgodi mkubwa wa Geita mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001, kampuni za madini ziliongezeka miongoni mwa waajiri, pamoja na Serikali na mashirika ya dini. Waajiri hao hawana meza moja. Wauguzi wao wanaweza kuwa nayo ndani ya chama chao. Hapo wa mgodini mwenye vifaa vizuri anaweza kumfundisha wa zahanati, na wa zahanati akamweleza mwenzake magonjwa ya vijiji vinavyouzunguka mgodi. Tena mwajiri hupita. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuukoma mwaka 2021. Lakini taaluma ya aliyeuguza wagonjwa hapo haikufungwa pamoja na mgodi.

Wapo wanaouliza: ada yangu inanirudishia nini? Swali ni la haki, na viongozi wa chama wanapaswa kulijibu kwa hesabu zilizo wazi. Lakini mwanachama asiyehudhuria mkutano hawezi kuwadai hesabu hiyo. Na sisi tunaosimamia hospitali za Kanisa tusiogope wauguzi wetu wakikutana. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea haki ya wafanyakazi kuungana. Tuwape ruhusa na nafasi katika ratiba ya zamu.

Nanyi waamini, mnapomwona muuguzi wa zahanati yenu akisafiri kwenda kwenye mkutano wa wenzake, msiseme amewatelekeza. Amekwenda kumtafuta yule wa pili.

Mungu awabariki.